Mbayuwayu wa Mto Nsamba na Kifungu cha Nane

Hapo zamani, si ile zamani ya mazimwi bali zamani ya hapa karibu, nguzo za mpakani zilipokuwa bado na chokaa mbichi, palikuwa na nchi tatu zilizomiliki ndege mmoja. Nchi ya kwanza iliitwa Umwela. Nchi ya pili iliitwa Chitundu. Kati yao ulipita Mto Nsamba, mwembamba kiasi kwamba mtu wa huku akipiga chafya, wa kule humwombea afya. Nchi ya tatu ilikuwa kaskazini, ng'ambo ya jangwa na ng'ambo ya bahari. Jina lake ni Velmarki. Wengi waliiita Ulaya tu, lakini Ulaya ina nchi nyingi, na hii ilikuwa Velmarki.

Ndege mwenyewe ni mbayuwayu. Si teleka, ingawa watu huwachanganya. Ni mbayuwayu hasa, mwenye koo jekundu na mkia wa panda. Huko Velmarki alijenga kiota chini ya mapaa ya nyumba za watu. Baridi ilipoingia, aliruka mpaka Mto Nsamba, na kila jua lilipotua alishuka na wenzake maelfu kwa maelfu kulala kwenye matete.

Kwenye matete alingojewa. Watu wa kingo zote mbili walichemsha utomvu wa mti mpaka ukawa ulimbo, wakaupaka kwenye vijiti, wakavichomeka katikati ya matete. Ndege aliyetua hakuondoka tena. Huko kaskazini mapaa yakaanza kuwa kimya, watu wakauliza sababu, na baada ya miaka sita ya barua nchi tatu zikakaa meza moja, zikaandika mkataba. Mkataba ulilinda mabwawa arobaini ya njiani, kutoka Nsamba hadi Velmarki.

Ulikuwa na vifungu kumi na viwili. Viwili ndivyo vinavyotuhusu.

Kifungu cha Saba kilisema: mlinzi akikuta ndege wamenaswa asiwaguse, mpaka afisa mwenye mhuri afike awahesabu; akiwagusa, atafukuzwa kazi. Kifungu hiki kilikuwa na sababu yake. Katika ile miaka ya barua walinzi waliwaokoa ndege kwa bidii sana, na harufu ya wokovu huo ikasikika majikoni mwao.

Kifungu cha Nane kilisema: mlinzi wa nchi moja akigusa mtego ulio katika ardhi ya nchi nyingine, kesi ya mtego huo imekufa, na mkataba wote utalala mpaka nchi tatu zikutane tena. Waliokumbuka ile miaka sita ya barua walikiogopa kifungu hiki kuliko vyote.

Upande wa Umwela mlinzi alikuwa mwanamke, Kalunde Maganga. Upande wa Chitundu alikuwa Ezekia Sikazwe. Wamwela na Wachitundu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo kila asubuhi wawili hawa walisalimiana kitani, kila mmoja akiwa kwenye ukingo wake.

"Mtani, bado hujafa?" Kalunde huuliza.

"Nakusubiri wewe utangulie, ukanifagilie njia."

Lakini asubuhi moja ya msimu wa tatu Kalunde hakuuliza kama mtani wake amekufa. Alisema, "Ezekia, tazama kulia kwako. Penye matete mafupi."

Sikazwe akatazama. Matete yalikuwa yakitikisika na hapakuwa na upepo. Vijiti vilikuwa vimesimama safu kwa safu, na kila kijiti kilikuwa na ndege: mmoja amenata bawa, mwingine mkia, mwingine amenata kifua kizima na kichwa tu ndicho kilichogeukageuka. Ilikuwa saa moja na nusu. Jua lilikuwa bado chini.

Sikazwe alituma mjumbe bomani Kasisiwe kwa afisa mwenye mhuri, kama ilivyoagizwa. Kisha akarudi, akasimama ukingoni, mikono nyuma, kama ilivyoagizwa.

"Atafika saa ngapi?" Kalunde akauliza.

"Alasiri."

"Alasiri watakuwa wamekauka."

"Najua."

Kalunde naye alijua. Mwaka uliopita walinaswa tisini, upande wake wa Umwela. Alingoja kama ilivyoagizwa, na afisa alipofika alihesabu mizoga tisini, akaiandika kwa hati nzuri sana. Tangu siku ile Kalunde alitembea na chupa ya mafuta ya nyonyo mfukoni, maana ulimbo huachia kwa mafuta. Hakuwahi kumwambia mtu kwa nini anaibeba. Sasa aliishika kwa nje ya mfuko, akaiachia, akaishika tena.

Saa tatu jua lilipanda juu ya matete. Sauti ya mabawa, iliyokuwa kama mvua ndogo, ikaanza kupungua.

"Ezekia, waondoe wewe," Kalunde akasema. "Ardhi ni yako. Ukiwagusa wewe, Kifungu cha Saba kinakufukuza kazi, basi. Nikiwagusa mimi, Kifungu cha Nane kinaulaza mkataba."

"Kinakufukuza kazi, basi! Hiyo 'basi' ni nyepesi kwako kwa sababu kazi si yako. Nina miaka kumi na tisa kazini, mtani. Nina watoto sita, na mama mkwe anayekula kama wawili."

"Kumbe unamwogopa mama mkwe kuliko afisa."

"Ungemwona, na wewe ungemwogopa."

Ulikuwa utani, lakini hakuna aliyecheka. Ndege mmoja aliyekuwa karibu na maji alifunua mdomo na hakuufunga tena.

Sikazwe alivua kofia, akaivaa, akaivua. "Nakwenda kilimani," akasema, "nikatazame kama afisa anakuja."

"Kutoka kilimani huuoni mto."

"Siuoni," akajibu Sikazwe. Akaondoka, wala hakugeuka nyuma.

Kalunde akabaki peke yake na sauti ile iliyokuwa ikipungua. Alijaribu kufikiri kama mtu mwenye akili. Hapa kuna ndege mia chache. Huko njiani, katika mabwawa arobaini, kuna maelfu, na mkataba ukilala, vijiti vitarudi katika mabwawa yote arobaini kabla ya wiki kwisha. Hesabu ilikuwa rahisi. Mtoto wa darasa la pili angeijibu. Lakini wale maelfu hakuwasikia. Hawa aliwasikia. Akajiambia atangoja mpaka saa nne. Kabla ya saa nne maji ya Nsamba yalikuwa yamemfika kiunoni.

Alianza na safu ya kwanza. Alimfunika ndege kwa pembe ya kanga, akampaka mafuta, akamvuta polepole unyoya kwa unyoya, akamfuta kwa majani, akamrusha. "Mmoja," akasema, maana kuhesabu kulimtuliza. "Wawili. Watatu." Kila tete lililovunjika alidhani ni afisa. Mara mbili alijilaza majini mpaka kidevuni, na mara mbili hapakuwa na mtu. Alipomaliza safu ya mwisho chupa ilikuwa tupu na hesabu ilikuwa mia tatu na kumi na wawili. Waliokuwa wamekwisha kufa hakuwahesabu, aliwaacha walipokuwa.

Akavuka kurudi Umwela, akakaa juani ili kanga ikauke.

Alikosea jambo moja. Mtu alikuwapo. Kasanda, mtegaji, mwenye ulimbo na vijiti vile, alikuwa amekuja asubuhi kuchukua ndege wake, akawasikia walinzi, akajificha ndani ya matete na chungu chake mapajani. Alimwona Sikazwe akienda kilimani. Alimwona Kalunde kuanzia mmoja mpaka mia tatu na kumi na wawili.

Alasiri afisa akafika na askari wawili, Sikazwe akishuka nao kutoka kilimani. Askari walimkamata Kasanda akitambaa kutoka kwenye matete. Afisa aliona mizoga michache, akaona vijiti vingi vyenye manyoya tu, akauliza, "Ndege wengine wako wapi?"

Mto ulikuwa mwembamba, na Kalunde alisikia kila neno. Mkataba, mabwawa arobaini, Velmarki na mapaa yake, vyote vilikuwa mdomoni mwa Ezekia Sikazwe, na Ezekia Sikazwe alijulikana bomani kwamba hajawahi kuandika uongo katika kitabu cha zamu.

"Niliwaondoa mimi," akasema Sikazwe.

"Wewe? Unakijua Kifungu cha Saba?"

"Nakijua kwa moyo."

Akachukua kitabu cha zamu, akaandika: Ndege waliondolewa na mimi, Ezekia Sikazwe, kwa mikono yangu. Idadi sikuiangalia. Kisha akavua mkanda na kofia, akampa afisa. Hakutazama upande wa Umwela.

Wiki iliyofuata Kasanda alisimama mbele ya hakimu wa Kasisiwe. Kalunde alikwenda, akakaa benchi la nyuma. Alifahamu, na aliona machoni mwa Kasanda kwamba naye anafahamu: sentensi moja tu, "Mtego uliguswa na mlinzi wa Umwela," na kesi imekufa, Kasanda yuko huru, na mkataba umelala.

"Mshitakiwa, una neno?" hakimu akauliza.

Kasanda aligeuka, akamtazama Kalunde kwa muda mrefu.

"Sina neno."

Akafungwa miezi minne, akavunja mawe.

Msimu uliofuata ikaja barua kutoka Velmarki. Ilisema kwamba mwaka ule viota chini ya mapaa vilikuwa vingi kuliko miaka yote tangu mkataba. Ilisema wamesikia kuwa kwenye Mto Nsamba kuna mtu aliyewaokoa mbayuwayu kwa hasara yake mwenyewe. Wanamwalika mtu huyo, mtu mmoja, aje akae majumbani mwao msimu mzima, awaone ndege wakijenga na kulea makinda. Hakuna mtu wa Nsamba aliyekuwa amewahi kukiona kiota cha ndege wale, hata kimoja.

Katibu wa mkataba, Bwana Gerevazi Mutono, akaja na barua hiyo. Alimwita Sikazwe, maana jina lake ndilo lililokuwa kitabuni. Alimwita Kalunde, mlinzi wa jirani. Na kwa kuwa mkataba ulitaka shahidi, akamwita Kasanda, aliyekuwa amemaliza kifungo. Wakaketi wanne, mlango umefungwa.

"Kasanda," akasema Katibu, "ulikuwa ndani ya matete. Ulimwona Bwana Sikazwe akiwaondoa ndege?"



"Bwana Katibu," Kasanda akasema, "ukitaka nijibu, kwanza weka kalamu chini."

Katibu alimtazama, kisha akaiweka kalamu chini. Kasanda akasema: "Walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Aliyewahesabu ameketi hapo, na si mwanamume."

Katibu alijifuta paji la uso. "Neno hilo halitatoka chumbani humu," akasema, "au nchi tatu zitaandikiana barua mpaka nizeeke. Lakini nafasi ni moja, na nikiirudisha tupu, Velmarki watauliza sababu. Nitaandika jina mtakalonipa, wala sitaandika kwa nini. Semeni."

Kalunde akasema: "Nilivuka mimi. Mikono iliyowapaka mafuta ni hii. Toeni uongo wa huyu na ukimya wa yule, ndege wako hai. Nitoeni mimi, kuna mizoga mia tatu na kumi na wawili na hati nzuri."

"Na umelipa nini, mtani?" Sikazwe akauliza. "Mkanda unao, kofia unayo. Uliuweka mkataba wa nchi tatu juu ya kijiti cha ulimbo, ukarudi kukausha kanga. Aliyeuondoa pale bila kuuvunja ni mimi. Uongo wangu wa kwanza na wa mwisho kitabuni, na umenigharimu miaka kumi na tisa ya kazi."

"Umelipia kazi ambayo hukuifanya! Nilikuomba. Ungewaondoa wewe saa tatu, ungefukuzwa kwa haki, nami nisingelowa. Ulikwenda kilimani kutazama mawingu."

Kasanda akacheka. "Endeleeni, watani. Mnagombea heshima mliyoipata kwa sababu mimi nilifumba mdomo. Yeye alivuka, wewe uliandika, na neno langu moja kwa hakimu lingefuta vyote. Ninyi mlifanya mambo yenu kwa siku moja. Mimi nilinyamaza miezi minne, kila siku, na nyundo mkononi."

"Mtegaji!" Sikazwe akasema. "Ulimbo ulikuwa wa nani? Na usituambie ulinyamaza kwa ajili ya ndege. Mkataba ukilala, nchi zinagombana, mpaka unafungwa, na soko la mtoni ambako mkeo huuza samaki linafungwa pia."

"Na hilo lilikuwapo," Kasanda akajibu. "Mtu hawezi kuwa na sababu mbili? Nilimwona huyu mama akimpaka ndege mafuta kama anayempaka mtoto mchanga. Nilipofika kwa hakimu nilitaka kusema, mdomo ukakataa. Tangu siku ile sijachemsha ulimbo."

Kalunde alimtazama Sikazwe asiye na kofia. Alitazama mikono ya Kasanda iliyochubuliwa na mawe. Aliitaka safari ile kiasi cha kuona haya, na bado hakuweza kusema, mbele ya wawili hawa, "Niandike mimi."

Katibu Gerevazi Mutono akachovya kalamu, akaishika juu ya karatasi.

Ninyi mliosikiliza, msiniangalie mimi. Tazameni kalamu, wino unakauka. Kalunde alitenda, asilipe. Sikazwe alilipa, naye hakutenda. Kasanda alitega, kisha akanyamaza. Je, ni nani aliyewaokoa mbayuwayu, na liandikwe jina la nani?