Ngao ya Mwana wa Magembe

"Ngao umpayo mwana wa mwenzio, mpe na wako." Mmeisikia leo kikaoni mkacheka, eti kwa kuwa mzee aliyeisema hana meno. Kaeni hapa mnisikilize bibi yenu. Methali hii ilianza hivi.

Mji wa Igaka ulikuwa vitani mwaka wa pili. Kila kaya ilitoa ng'ombe ili ngozi zitengenezwe ngao, hata waliokuwa na mmoja tu. Watoto walikosa maziwa, chumvi haikushikika kwa bei. Watu walivumilia, maana waliambiwa ngozi zile ndizo zitakazowakinga vijana wao.

Msimamizi wa ngao alikuwa Magembe. Bwana huyo, Mungu amsamehe, mimi siwezi, aliziuza ngozi nene kwa wachuuzi wa misafara. Vijana akawapa ngao za ngozi ya mbuzi zilizopakwa masizi na mafuta. Ukiziona, utadhani za fahali. Ngao moja tu ndiyo iliyokuwa ya kweli, na hiyo alimpa mwanawe Lushinge.

Sasa, watu wa Igaka walikuwa na desturi. Asubuhi ya kwenda vitani, vijana wa rika moja hubadilishana ngao, kila mmoja ajue uhai wake umo mikononi mwa mwenzake. Magembe alimwonya mwanawe asibadilishane na mtu. Kijana akanyamaza, baba akadhani amekubali.

Siku ya vita ilipofika, adui alikuwa ameshavuka mto. Langoni, Magembe akamwona Lushinge na ngao ya rafiki yake Shilinde, mtoto wa mjane jirani. Akamkimbilia.

"Mwanangu, irudishe hiyo."

"Nimrudishie mbele ya rika zima, baba? Nitakuwa nimemtukana."

"Irudishe, nakuambia."

Jemadari Masali akasogea. "Ina nini ngao hiyo, mzee Magembe?"

Ngoma za adui zilikuwa zinakaribia. Akisema, ameaibika, akinyamaza, amemzika mwanawe.

"Ni ya mbuzi," akasema.

"Na hizi nyingine?"

"Zote. Isipokuwa ya mwanangu."

Lango halikuweza kufungwa. Kina mama na watoto wa mashambani walikuwa bado nje, wakikimbilia mjini, kwa hiyo vijana ilibidi watoke na ngao hizo hizo. Shilinde akanyoosha mkono ili amrudishie Lushinge ile nene. Lushinge akakataa.

"Kaa nayo," akamwambia. Kisha akamgeukia Magembe. "Baba, mama yake Shilinde alitoa ng'ombe wake wa pekee. Wewe ulitoa nini?"

Akatangulia mbele ya wenzake wote.

Adui alizuiwa, na wale wa mashambani wakaingia salama. Lakini vijana wengi hawakurudi. Shilinde alirudi kwa miguu yake, amembeba Lushinge mgongoni, na Lushinge alikuwa ameshakata roho. Ngao ya mbuzi ilikuwa na tundu katikati.

Magembe aliitundika ngao ile juu ya mlango wake mpaka akafa. Tangu hapo kila msimamizi mpya wa ngao alipelekwa kwanza mlangoni pale, akaoneshwa tundu lile, akaambiwa: ngao umpayo mwana wa mwenzio, mpe na wako.

Haya, chekeni sasa.