Lengo la Hazina

“Huyu mtoto anauliza, au anashtaki?”

Ndivyo jirani yangu Bi Mwatumu alivyoninong’oneza siku ile barazani kwangu. Leo, wajukuu zangu, mmesikia watu wakisema: Aulizaye na jibu mkononi, haulizi, anashtaki. Mmetaka kujua neno hilo lilianzia wapi. Lilianzia hapo.

Hazina alikuwa mwanafunzi wa chuo, mpangaji wangu tangu babu yenu, Mungu amrehemu, alipoondoka. Utafiti wake haukuwa wa kuhesabu vichwa. Ulikuwa wa kusikiliza watu wakisimulia maisha yao. Mwalimu wake alishamwambia, asiporudi na masimulizi ya wanawake waliojifungulia nyumbani, asahau cheti. Kila mlango aliopigia hodi walimkatalia. Mwanaidi peke yake ndiye aliyekubali, naye mtoto wake alizaliwa maiti, na hakuwa amelizungumza jambo hilo na mtu.

Kwetu, mwenye haja huitaja kabla kahawa haijamiminwa. Siku hiyo, Mwanaidi akiwa amekuja kuketi nasi barazani, Hazina akafungua karatasi, akasoma: “Lengo la utafiti huu ni kuonyesha jinsi wakunga wa jadi wanavyosababisha vifo vya watoto wachanga.”

Nikainama, nikamwomba Mungu kimoyomoyo. Aliyemzalisha Mwanaidi ni Bi Mwatumu, naye alikuwa amekaa ubavuni kwangu. Ndipo akaninong’oneza swali lile.

Hazina akaziona nyuso zetu. “Mnisamehe, mama zangu. Naandika upya.” Akakata mistari, akaandika, akasoma tena: “Lengo ni kuelewa yale waliyoyapitia wanawake wa mtaa huu walipojifungulia nyumbani.”

“Hapo sawa,” nikasema. “Haya, mwanangu Mwanaidi.”

Mwanaidi akasema, “Mtoto alishakufa tumboni kabla sijamwita mkunga. Damu ilikuwa inanimaliza. Bi Mwatumu ndiye aliyenirudisha duniani. Hilo nalo utaliandika, dada?”

Kalamu ya Hazina ikasimama. “Nitaliandika kama litaingia. Ila niambie kwanza, mikono alinawa?”

Bi Mwatumu akaitazama mikono yake.

“Hazina mwanangu,” nikamwambia taratibu, “karatasi umeifuta, moyo hujaufuta. Aulizaye na jibu mkononi, haulizi, anashtaki.”

Mwanaidi akajitanda kanga yake, akavaa kandambili, akaondoka na masimulizi yake.