Mama Aliyeukimbia Uji

Someni hadi mwisho, hasa wenye watoto wadogo.

Kulikuwa na mama kijana, Tusekile, na mtoto wake wa kwanza, Ipyana, wa miezi kumi. Mama mkwe wake alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na tangu siku ile Tusekile hakuwa na raha. Akakumbuka somo la kidato cha tatu: wanga ni sukari nyingi zilizoshikana mikono. Basi uji ni sukari, viazi sukari, ndizi sukari. Akaviondoa vyote, akawa anamsagia mtoto mchicha na matango, mchicha na matango, asubuhi hadi jioni.

Wiki ya tatu shanga za kiunoni mwa Ipyana zikaanza kuteleza hadi mapajani. Wanawake wa kwao humpima mtoto kwa shanga kabla ya mizani. Akambeba mbio hadi zahanati.

Nesi, Sista Subilaga, alimpima, akauliza mtoto anakula nini. Tusekile akamwaga yote kwa pumzi moja: wanga, mguu wa mkwe, kidato cha tatu.

"Na mchicha umeumbwa kwa kitu gani?"

"Maji, Sista. Na nyuzi."

"Nyuzi hizo ni sukari zilezile, mwanangu. Hata kanga uliyombebea, pamba yake ni sukari. Haya, mtafunishe hiyo kanga."

Akina mama kwenye benchi wakacheka. Tusekile akaitazama kanga yake kama ya mtu mwingine. Sasa akimbilie wapi, ikiwa hata nguo ni sukari?

Nesi akamweleza polepole kwamba tofauti iko kwenye kushikana. Sukari za pamba na za nyuzi za majani zimekazana kuusimamisha mmea, na tumbo la mtu haliwezi kuzifungua. Za uji hufunguka, mwili ukapata nguvu, na zinazobaki ini huzifunga upya ziwe akiba.

"Akiba ya mwanao imekwisha. Sasa anakula mwili wake mwenyewe."

"Na ugonjwa wa bibi yake?"

"Bibi atibiwe. Huyu alishwe."

Mama mmoja akafungua chupa yake, akamimina uji kikombeni. Tusekile akakipokea. Bado maswali mengine yalikuwa yakimzunguka kichwani. Ipyana hakumngoja aelewe. Alikivuta kikombe kwa mikono miwili.

Funzo: Kujua kitu kimeumbwa kwa vitu gani si kujua kinafanya kazi gani. Uliza, kabla hofu haijaingia jikoni kukupikia.