Fundi Saa na Vipande Visivyo na Namba

Mtu mmoja alikuwa na mikono iliyojua vitu vidogo. Jina lake Gwamaka, fundi saa, na kibaraza chake kilikuwa mkabala na soko la Tukuyu. Saa iliyokufa ikiletwa kwake aliifungua yote, kila skrubu na kila kigurudumu, akavipanga vipande kwenye sinia jeupe, akavisafisha kimoja kimoja, kisha akairudisha saa kama ilivyotoka kiwandani. Hakuandika kitu wala hakuweka alama. Alisema jicho lake ndilo daftari lake. Na ni kweli, ndugu zangu, maana hata saa yangu mimi iliwahi kulala kwenye sinia lile, ikaamka.

Mtu huyu alikuwa na kaka, Asajile, mkulima wa chai upande wa pili wa bonde. Baba yao alikuwa bwana mifugo. Alizunguka vijiji vyote kwa kigari cheupe, kile cha mlango wa nyuma unaonyanyuliwa juu, na kigari kilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe mpaka mifupani. Alipofariki aliacha watoto wawili wa kiume na gari moja. Shamba hugawika, na ng'ombe hugawika. Gari halikatwi. Wazee wa ukoo wakampa mkubwa. Siku ya kuanua matanga, mbele ya mama yake na mbele ya wageni walioshika sahani mkononi, Gwamaka alisimama akasema, "Kuanzia leo mimi sina kaka."

Ulimi hauna mfupa, lakini neno lile lilikaa pale liliposimama kwa miaka sita. Walipishana sokoni kama watu wa nchi mbili. Sisi majirani hatukuingilia, kwa kuwa tunaujua msemo: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Basi tulikwenda kulima, na mimi mchungaji wenu nilikuwa mbele na jembe langu. Nasema hivyo kwa aibu. Aliyebaki katikati ni mama yao, ambaye kila juma alishuka bonde na kupanda kilima, siku tatu kwa huyu na siku tatu kwa yule, ili asiwe na mtoto mmoja tu. Mwaka huo miguu yake ilianza kumkatalia. Kila mtu aliona kwamba kabla ya masika atalazimika kuchagua nyumba moja ya kuzeekea, na kuchagua nyumba moja kulikuwa ni kumpoteza mwana mmoja.

Siku moja ya soko, kwenye marobota ya mitumba, chini ya makoti na viatu vya watoto, Gwamaka aliokota boksi. Juu ya kifuniko palichorwa gari la baba yake. Halikuwa gari linalofanana nalo. Lilikuwa lile lile, na taa zake zile zile za macho ya kushangaa, na mlango ule wa nyuma. Ndani mlikuwa na gari zima la plastiki, dogo kuliko mkate, likiwa bado vipande. Kila kipande kilishikamana na fremu yake kama jani na tawi, na pembeni ya kila kipande, kwenye fremu, palikuwa na namba ndogo sana. Chini yake palikuwa na karatasi ya maelekezo iliyosema namba hii iunganishwe na namba ile. Maandishi mengine yalikuwa ya lugha ya mbali. Gwamaka akasema moyoni, sasa nitakuwa na gari la baba bila kumshukuru mtu.

Sikilizeni alivyokosea, maana mtu asiye na ujuzi asingekosea hivi. Alifanya kama alivyozoea kufanya na saa. Alichukua kikata kucha, akakata vipande vyote kwa mkupuo mmoja, akavipiga msasa, akaviosha kwa sabuni, akavipanga kwenye sinia lake jeupe. Vilizidi mia. Fremu zilizobaki aliziona takataka. Mkewe, Subilaga, alimuuliza, "Baba Lusajo, hizo namba hutazihitaji?" Akamjibu kwamba vipande anavyo, fremu ni za nini? Akazivunja, akazitia kwenye shimo la taka pamoja na majani makavu ya migomba, zikaungua zote.

Ndipo akakunjua karatasi. Karatasi ilijua namba tu. Namba zilikuwa kwenye fremu, na fremu zilikuwa majivu. Bado hakuogopa, kwa sababu alikuwa na jicho lake. Lakini jicho lilimwangusha, naye alichukua siku nyingi kuelewa sababu. Katika saa kila kipande kimeshafanya kazi. Kina mkwaruzo unaosema kilikaa wapi na kilisuguana na nani. Vipande hivi havikuwahi kukaa popote. Havikuwa na kumbukumbu yoyote ya kumsimulia.

Vile vya juu alivitambua, maana nani hajui boneti, au siti, au bampa? Alivipaka rangi nyeupe, akaviunganisha, na bodi lilitoka zuri hata Subilaga akaacha kuosha vyombo ili alitazame. Vya chini vilimshinda. Vilikuwa kumi na kitu, vyeusi, vimepindapinda, kila kimoja kama mwenzake. Palikuwa pia na dashibodi mbili, moja ya usukani wa kulia na moja ya usukani wa kushoto. Alijaribu kila kipande na kila tundu. Gari lisilo na vitu vya chini halina pa kushika magurudumu, kwa hiyo majuma matatu kigari kile kizuri kililala juu ya meza kwa tumbo lake, kiking'aa, kisiweze kusimama.

Alijua ni wapi angeweza kuona jinsi gari lile lilivyo chini. Lilikuwa moja tu wilayani, na lilikuwa ng'ambo ya bonde. Alijua, akaendelea kugeuza vipande.

Jumamosi moja asubuhi, akiwa kibarazani, alimwona mama yake akipanda kilima. Alisimama mara tatu kabla ya nusu ya njia, na mara ya tatu alikaa chini barabarani, yeye ambaye hajawahi kukaa barabarani maisha yake yote. Gwamaka alikimbia akamshika mkono, akamfikisha nyumbani. Aliweka kigari kwenye sinia pamoja na vipande vilivyobaki, akalifunika kwa kitambaa, akaliinua kwa mikono miwili, akalishusha bondeni taratibu, kama mtu aliyebeba mayai. Sisi tuliomwona tulidhani anapeleka chakula kwenye msiba.

Asajile alikuwa bandani. Gari la baba lilisimama mbele yake juu ya magogo manne, magurudumu hayagusi ardhi, vioo safi. Gwamaka alisimama mlangoni na sinia lake. Kwa miaka sita alikuwa ametunga maneno mengi ya kumwambia mtu huyu, mengine makali ya kukata nyama. Yote yalimtoroka. Alisema tu kwamba amekuja kuona gari lilivyo kwa chini, kama hapana ubaya. Asajile alifunua kitambaa. Alikitazama kile kigari cheupe kwa muda mrefu, akaviona na vile vipande vyeusi visivyo na kwao. Kisha akavuta magunia mawili makavu, akayatandika kando ya gari, moja karibu na jingine.

"Lala chini, mdogo wangu," alisema. "Ukisimama huoni kitu."

Gwamaka alikuwa amevaa shati lake jeupe la kazi, lililopigwa pasi. Akalala. Wakajisogeza wote wawili kwa migongo mpaka chini ya gari, vichwa vikikaribiana.

Ndugu zangu, nawaambia alichokiona kwa kadiri alivyonisimulia, na aliponisimulia sauti yake bado ilikuwa ya mtu aliyestaajabu. Baba yao alikuwa kule chini. Bomba la ekzosi lilifungwa kwa waya wa seng'enge, na waya ule ulisokotwa mara tatu, ncha yake ikakunjwa ndani isimchome mtu, kama mzee alivyofunga kila kitu, lango la zizi au mfuko wa chumvi. Mahali pa mpira ulioisha pakawa na kipande cha tairi kilichokatwa kwa kisu, kikakaa sawasawa. Palikuwa na viraka, na viraka juu ya viraka, na hakuna hata kimoja kilichofanywa ovyo. Miaka yote Gwamaka alililia gari lile, na hakuwahi kuliona. Aliujua mlango wake na rangi yake. Kilichowafikisha nyumbani kila jioni hakukijua.

Asajile alinyoosha kidole kuonyesha, na Gwamaka akapapasa kwenye sinia akachukua. Hiki ni kile, na kile ni hiki. Vipande vilianza kupata majina. Hakuna namba iliyohitajika tena, maana kila kimoja kilikuwa na ndugu yake mkubwa pale juu, amejaa tope la zamani na mafuta.

Mwishowe kikabaki kijiti kimoja, chembamba kama njiti ya kibiriti, kimepinda kidogo huku na huku. Gwamaka alikuwa amekidhania kipande cha fremu kilichosalia, na mara mbili alitaka kukitupa. Asajile alikichukua, akajisogeza nyuma, akakiinua gizani. Pale, kutoka gurudumu la nyuma la kushoto mpaka la kulia, palikuwa na chuma kimoja. Akamweleza kwa maneno machache. Chuma hiki ndicho kinachoshika magurudumu mawili ya nyuma yawe kitu kimoja. Moja likitumbukia shimoni, lingine hulivuta lisizame. Kilivunjika mwaka ule wa mvua kubwa, na baba alikuja nacho nyumbani gari likiwa limeinama upande, akakichomelea mwenyewe. Akauchukua mkono wa mdogo wake akauweka kwenye mshono. Ulikuwa mnene kama kifundo cha mguu, na hapo ndipo chuma kilipokuwa kigumu kuliko kwingine kote.

Kisha Gwamaka akatambua ni nini kilichokuwa juu ya chuma kile. Ilikuwa siti ya nyuma. Kila Jumapili ya utoto wao walikaa pale, mkubwa dirisha la kushoto na mdogo dirisha la kulia, wakisukumana viwiko, wakigombania upepo. Walikwisha kuchora mstari kwa kucha katikati ya siti, mtu asivuke. Na chini ya mstari ule, kila Jumapili, kikipanda na kushuka na kila shimo la njia, kulikuwa na chuma kimoja kilichowashika wote wawili, wala hawakujua kama kipo. Gwamaka aliogopa. Haukuwa woga wa kukimbia. Ulikuwa woga wa mtu aliyegundua kwamba amekuwa akitembea na viatu mahali patakatifu.

"Kaka," akasema.

Asajile aliendelea kukishikilia kile kijiti mahali pake, chini ya chuma kikubwa.

Walikimalizia kigari siku hiyo hiyo, sakafuni mwa banda. Ilionekana kwamba kijiti kile hakiwezi kuunganishwa na mtu mmoja, hata awe fundi saa. Lazima kibanwe pande zote mbili kwa pamoja mpaka gundi ishike, na ukiachia upande mmoja, upande mwingine nao huchomoka. Basi mkubwa akashika kushoto na mdogo kulia, wamepiga magoti, nyuso zikitazamana, hawana pa kuepuka macho. Subilaga alikuwa ameshuka na mama, akimwegemeza bega, kumtafuta mumewe. Mama alipofika mlangoni aliona wanawe wawili wamepiga magoti mbele ya kitu kidogo kama mkate. Alikaa juu ya gunia, akashika kinywa chake kwa mikono miwili, akangoja pamoja nao mpaka gundi ikakauka.

Tangu masika yale mama anakaa nyumba moja, ile ya mkubwa, kwa kuwa haina kilima. Wala hakumpoteza mwana, maana kila jioni fundi saa hufunga kibaraza chake akashuka bonde. Mtaniuliza ile dashibodi ya pili, ya usukani wa kushoto, inawakilisha nini. Sijui. Ilibaki. Inasemekana ni ya nchi ambako watu huendesha upande mwingine wa barabara, nami naiacha hapo. Si kila kinachobaki ni kosa la mtu.

Nimekishika kigari hicho kwa mikono yangu. Kila mgeni husifu rangi na vioo, kisha hukirudisha kabatini. Mimi nilikigeuza, nikatazama chini, nikakitafuta kile kijiti. Kwa hiyo leo sina mengi. Wewe uliyesema huna ndugu, ulikwisha kulala chini ukatazama kinachowashika, au ulisema ukiwa umesimama?