Jemadari Fisi Aonja Njaa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, vyeo na vita vyao, Jemadari Fisi alipigana na Chui. Aliposhindwa kumpata, akaifunga njia ya kwenda kijiji cha Pimbi. Magunia ya mtama yakakwama kizuizini. Chui hakuwapo kule. Walikuwapo watoto, na wa Mama Pimbi walikuwa na siku nne hawajatia kitu tumboni.

Mama Pimbi akajifunga kibwebwe, mchakamchaka mpaka kambini. Akamkuta Fisi anatafuna mbavu, askari wamemzunguka.

"Shikamoo, Jemadari."

"Marahaba. Sema upesi, nakula."

"Wazee walikubaliana: wapiganaji wapigane, chakula cha watoto kisiguswe. Wanangu wanakufa."

"Nani kampiga mtoto? Njaa haina meno, mama. Haijaua mtu."

Mama Pimbi alichukia. Akawageukia askari.

"Mmemsikia. Haya, niambieni: ukimkaribisha mgeni pombe, nani huonja kwanza?"

"Mwenyeji," wakajibu. "Aondoe sumu."

"Na kabla hajamaliza kuonja, mgeni hunywa?"

"Hanywi. Ni mwiko."

"Basi njaa hii katukaribisha Jemadari. Aonje yeye siku nne, nasi wageni tungoje; mpaka amalize, mtama upite."

Askari wakatazamana. Mila ni mila. Fisi akaona haya kukataa mbele ya watu wake.

"Siku nne kwangu ni nini?" akasema, akaisukuma sahani.

Maadamu alikuwa akionja, kizuizi kikainuliwa. Magunia yakapita, na kijijini vinu vikalia twa! twa! twa!

Siku ya kwanza Fisi alitamba. Ya pili akaanza kunusanusa moshi wa jikoni. Ya tatu mpishi akapita na sufuria. Fisi akairukia, akapapia mpaka masizi.

Mama Pimbi, aliyekuja kila siku kushuhudia, alikuwa amesimama palepale. "Vipi, Jemadari? Njaa ina sumu, haina?"

Fisi akafuta midomo, asimtazame mtu.

"Inaua," akasema.

Askari hawakungoja amri. Wakakivunja kizuizi kwa mikono yao, maana nani atampa mgeni kitu kilichomshinda mwenyeji?

Nanyi mkue mkijua hili: anayemnyima mtoto chakula vitani amemwua, hata kama mkono wake hauna damu.