Jumatatu Hazijaisha

Sogeeni. Mwenye kiti akae, asiye na kiti akae palepale alipo, maana leo nimekuja na mzigo ulionishinda, na sitaki mtu aniambie baadaye kwamba hakusikia vizuri. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari juu kabisa kwenye milima ya Lushoto, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila hodi na kukaa hadi kipindi cha tatu. Wanafunzi wananiita madam Kaniki. Nimeshaamua kesi ya madaftari yaliyopotea, ya sweta lililochanwa, hata ya mbuzi aliyekula karatasi za mtihani. Hii sijaiweza.

Nina wasichana watatu wa kidato cha tatu, marafiki wa kushibana. Ukimtuma mmoja chaki, wanakwenda wote watatu.

Wa kwanza ni Eliwaza, na huyu amejaliwa maneno. Nyuma ya daftari la hesabu, ambako wenzake wanachora maua, yeye anaandika mistari, na mistari yenyewe ukiisoma unairudia kabla ya kufunua ukurasa. Ila mwambie aisome mwenyewe mbele ya watu, ataisoma kama anatangaza vifo redioni.

Wa pili ni Saumu, na huyu amejaliwa sauti. Shida yake ni macho ya watu. Mtu akimtazama tu, sauti inakatika hapohapo. Huimba akiwa amewapa watu mgongo, au akiwa peke yake bombani, au akiwa amejifunika kanga kichwani.

Wa tatu ni Zawena, na huyu amejaliwa uso. Siongelei uzuri, ingawa na uzuri anao kiasi chake. Naongelea uso unaosema. Zawena akihuzunika, darasa zima linaulizana nani kafiwa, na akicheza, hata mlinzi wa getini anatikisa bega. Ila asiimbe. Mwaka jana aliimba kwenye mahafali, mgeni rasmi akainama kuniuliza kama yule mtoto anaumwa.

Hawa watatu wana ugonjwa mmoja, filamu za shule zenye nyimbo. Nyinyi mnazijua. Mvulana anaangusha vitabu, msichana anaviokota, na badala ya kusema asante yule mvulana anaanza kuimba. Wapishi nao wanaacha masufuria na kucheza nyuma yake kwa hatua zilezile, utadhani walikubaliana tangu jana. Mimi niliziona upuuzi. Niliwaambia, "Shule gani hiyo mtu anapendwa kwa wimbo? Hapa kwetu mtu akikupenda anakuazima kalamu."

Eliwaza akanijibu, "Ndiyo maana tunataka kutengeneza ya kwetu, madam."

Wakaomba simu yangu, nikatoa. Kwa hiyo simu ilikuwa yangu na aliyeishika ni mimi, lakini msinihesabu. Nilichofanya ni kubonyeza tu.

Sasa niwaeleze habari ya viti, maana bila hiyo hamtanielewa. Shuleni kwetu kila mwanafunzi anakuja na kiti chake kutoka nyumbani, kina jina mgongoni, na akihama au akimaliza anaondoka nacho. Kulikuwa na mvulana anaitwa Hoza, kimya, mtaratibu, aliyekuja na kiti alichokitengeneza kwa mikono yake. Miguu ya kiti kile imenyooka kuliko ya meza yangu. Mwaka jana, akiwa kidato cha pili, baba yake alifariki. Alikuja ofisini siku ya Ijumaa kuomba ruhusa ya kwenda msibani, akaniambia, "Nitarudi Jumatatu, madam."

Jumatatu hakuja. Tukasikia yuko Mombo, chini huko kwenye joto, katika karakana ya mjomba wake ambaye ni seremala. Jumatatu zikapita mpaka tukaacha kuzihesabu. Kiti chake kikabaki. Hakuna aliyekiondoa, maana kuondoa kiti cha mtu ni kusema harudi tena. Darasa lilipopanda kidato cha tatu, nilikikuta kimehamia chumba kipya pamoja na vingine, kimewekwa karibu na kiti cha Eliwaza kama zamani. Sikuuliza nani alikibeba.

Filamu yao ilihusu hicho tu: msichana anayekaa jirani na kiti kitupu. Dakika saba.

Eliwaza aliandika wimbo. Alikaa nao wiki nzima, akikata na kuandika upya, hata chakula cha mchana anakuja wa mwisho. Nilimuuliza anamwandikia nani, akasema anaandikia filamu. Nikatazama dirishani. Na mimi niliwahi kuwa na miaka kumi na sita. Aliponipa karatasi nilisoma mistari minne ya mwisho, na nawaambieni kweli, nilikaa chini:

Vumbi nalifuta, jina nalisoma,
ulisema Jumatatu, hukusema ipi.
Rudi hata kama umechelewa,
Jumatatu hazijaisha.

Katika filamu za namna hii, sauti hurekodiwa kwanza, halafu mwigizaji anafuatisha kwa midomo. Saumu akaomba arekodiwe stoo ya chakula, kwa kuwa magunia ya mahindi na maharage hayarudishi mwangwi, na hayana macho. Nikaiweka simu juu ya gunia, nikabonyeza, nikatoka na kurudishia mlango. Mama Shedafa, mpishi wetu, alikuwa anasonga ugali pale nje. Sauti ilipoanza kupita chini ya mlango, aliacha mwiko ndani ya sufuria. Sijui niwaambieje. Nimeishi miaka arobaini na moja na sijawahi kusikia mtu akimwita mwenzake namna ile, polepole, bila kulia na bila kubembeleza, kama ana uhakika anasikiwa.  Ugali wa watu mia tatu uliungua siku ile na hakuna aliyelalamika.

Kesho yake tukapiga picha darasani. Eliwaza akampisha Zawena kwenye kiti chake, Saumu akawasha wimbo kwenye spika ndogo, mimi nikainua simu. Tulikuwa tumekubaliana Zawena atazame dirishani tu mpaka wimbo uishe. Lakini ulipofika ule ubeti wa mwisho aliinuka. Alivuta mkono wa sweta lake mpaka kwenye kiganja, akafuta vumbi la kiti cha Hoza, kwanza pa kukalia, halafu mgongo, halafu zile herufi nne moja moja. Kisha akasogeza kiti chake pembeni kidogo, kama unavyompisha mtu apite akakae. Nilijua sauti ile si yake, maana nilikuwepo ilipotoka. Na bado niliamini. Niliitazama midomo yake na nikaapa moyoni kwamba yule mtoto anaimba.

Mwishoni waliandika "Kidato cha tatu" basi, bila jina la mtu. Filamu ikarushwa kutoka simu hadi simu, ikashuka mlimani yenyewe.

Yaliyotokea Mombo alinisimulia Hoza mwenyewe baadaye. Alikuwa anapiga randa ubao wa kitanda, mteja amekaa nje ya karakana na simu yake. Akasikia sauti kupitia ukutani. Hakujua ni ya nani wala inatoka wapi, lakini randa ilisimama. Bila sauti ile, alisema, angeendelea na kazi. Akatoka nje, akachungulia simu ya mteja, akaona msichana anafuta kiti. Alikitambua kiti kabla ya kumtambua msichana. Bila kuona vile, alisema, angesikiliza wimbo mzuri na kurudi ndani. Halafu yakaja yale maneno, na hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, ndipo alipoivua aproni. Siku zote alijiambia kwamba amechelewa mno, kwamba Jumatatu yake ilishapita. Bila maneno yale angelia kidogo, akanawa uso, akaendelea kuwa seremala.

Mjomba wake alimwambia, "Nenda, lakini kwanza malizia kitanda cha watu." Akamalizia. Na kwa mabaki ya mbao akatengeneza gitaa. Nyuzi zake ni waya wa breki ya baiskeli.

Basi, Jumatatu ya wiki hii, kipindi cha kwanza, ukungu umejaa darasani kiasi kwamba siwaoni wa nyuma, mlango ukagongwa. Akaingia Hoza. Suruali ya shule imempanda juu ya vifundo, gitaa liko mkononi.  Akasema, "Shikamoo, madam. Nilisema Jumatatu."

Nikaitikia marahaba, nikaweka chaki chini. 

Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Zawena. "Nilisoma na wewe miaka miwili," akamwambia, "kumbe sikukujua. Hili nimekutengenezea wewe uliyeniita. Niimbie tena mara moja, kisha nitakuomba ruhusa ya kukwambia neno."

Mvulana habebi gitaa kutoka Mombo kupanda mlima ule kwa sababu ya kushukuru tu. Sote tulielewa. Zawena mwenyewe alielewa kuliko wote, niliuona uso wake, na nimeshawaambia uso ule haufichi kitu. Alilitaka lile gitaa. Angeweza kusema koo linauma. Lakini akasema, "Sauti si yangu, Hoza. Ni ya Saumu."

Hoza akageuka. Saumu alikuwa ameinamia meza. Darasa zima lilikuwa linamtazama, macho arobaini na kitu, na mimi nikajua hakuna kitakachotoka. Akainuka. Hakutugeuzia mgongo, wala hakujifunika kanga. Akamtazama Hoza usoni, akauimba ule ubeti mpaka mwisho, macho wazi. Hata ukungu nadhani ulisimama. Alipomaliza akasema kwa sauti ndogo, "Lakini maneno si yangu. Ni ya Eliwaza."

Eliwaza naye akainuka, akasoma hewani kama kawaida yake ya kutangaza vifo: "Niliyaandika kwa ajili yako. Kiti nilikibeba mimi. Niliogopa kukutumia, nikasema niyafiche kwenye filamu."

"Hata mimi nakifuta kila asubuhi," Zawena akadakia. "Siku ile nilikuwa naigiza. Kesho yake nikajikuta nakifuta tena, na sijaacha."

 Hoza akaliweka gitaa juu ya meza yangu, taratibu, akasema maneno ambayo tangu Jumatatu sijalala vizuri kwa sababu yake: "Njia nzima nilikuwa nampenda mmoja. Nimefika, wamekuwa watatu, na hakuna hata mmoja aliye yule."

Kisha akanigeukia. "Madam, wewe ulikuwepo tangu mwanzo. Nani aliniita?"

Darasa likalipuka. Huku wanasema ni Eliwaza, kwa kuwa alimpenda kabla ya wote, na maneno ndiyo yaliyomvua aproni. Kule wanasema ni Saumu, kwa kuwa sauti ndiyo iliyotangulia kumfikia, na kwa ajili yake ameshinda kitu ambacho hajawahi kukishinda tangu azaliwe. Wengine wanasema ni Zawena, kwa kuwa kile kitendo hakuandikiwa na mtu, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema ukweli wakati uongo ungempa kila kitu. Nikagonga meza. Nikawaambia wanipe hadi Jumatatu. Mmoja wa nyuma kabisa akasema, "Hazijaisha, madam," wakacheka wote, isipokuwa wanne.

Tafadhali, msiniambie wapeane zamu ya gitaa. Gitaa si tatizo. Hoza hana zamu. Wala msiniambie kwamba wote watatu ni sawa. Hilo nalijua, na ndilo linaloniumiza.

Leo ni Ijumaa. Gitaa bado liko juu ya meza yangu, Hoza amekaa kwenye kiti chake ambacho sasa ni kifupi kwake, na wasichana wanasalimiana kwa adabu mno. Jana nilimtuma Saumu chaki. Akaenda peke yake.

Mwenye maneno, mwenye sauti, mwenye uso. Jumatatu asubuhi watakuwa mbele yangu wanasubiri. Haya, nimemaliza, semeni nyinyi: ungekuwa wewe uliyekaa nyuma ya meza ile, gitaa ungemkabidhi nani?