Magurudumu ya Pimbi na Bei ya Mkia

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na pikapu kuukuu na mwenyewe jeuri!
Jeuri mpaka lini?
Mpaka nyanya zifike sokoni!

Haya, sogeeni. Hapo kale, wanyama wakiendesha magari na watu wakitembea kwa miguu, alikuwako Pimbi, mjane mwenye watoto saba na pikapu moja. Alilima nyanya. Njia ya sokoni ilikuwa moja tu, nayo ilipita kivukoni kwa Kiboko. Kiboko hakuijenga njia ile, hakuifagia, wala hakuitia hata kokoto. Lakini nani angemwuliza? Mdomo wake ulikuwa mpana kuliko mlango wa nyumba.

Kila gari lilipofika, Kiboko alifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu. Likizunguka mara moja, kitambaa kikija juu, yeye anakula kikapu kimoja. Na pikapu ya Pimbi ilikuwa na vigurudumu kama sahani. Kiri-kiri-kiri! Kitambaa juu, ngwamu! Kiri-kiri-kiri! Kitambaa juu, ngwamu! Vikapu sitini viliingia kivukoni, kikatoka kimoja. Watoto saba walikula ugali kwa chumvi, na mama yao analima nyanya!

Siku moja Pimbi alisema mbele ya wanyama wote waliopanga foleni, "Bwana Kiboko, sheria yako itabadilika lini?"

"Haibadiliki! Mzunguko mmoja, kikapu kimoja. Siku nikiibadili, nihame mto huu!"

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia!"

Pimbi akaenda moja kwa moja kwa Nungunungu, fundi wa magurudumu. Msicheke! Ndiyo, mwenye miiba ndiye aliyeuza matairi.

"Nataka makubwa," akasema Pimbi.

Nungunungu akaleta yanayofika goti la Punda.

"Makubwa zaidi."

Akaleta yanayofika bega la Punda.

"Makubwa zaidi!"

"Mama, zaidi ya hapa ni ya kutengenezwa kwa oda. Bei yake utaiweza?"

"Itaje."

Nungunungu akautazama mkia wa Pimbi. Enzi zile Pimbi alikuwa na mkia, tena mrefu, wenye manyoya mengi. "Nipe huo. Nitafutia vumbi rimu zangu."

Pimbi akaushika mkia wake. Ulimuuma moyoni, nisiwadanganye. Siku ya harusi yake ulivikwa shanga. Kisha akageuka, akaweka mgongo tayari.

"Mkia huu haujanifikisha sokoni hata siku moja. Kata!"

Kwachu!

Siku ya soko, Kiboko alipanda ngazi kufunga kitambaa. Akashuka, akapanua mdomo, akangoja.

Buuu-ruuu... Akangoja. Buuu-ruuu... Mate yakamdondoka. Kitambaa juu, ngwamu! Akangoja tena, buuu-ruuu, mpaka shingo ikamuuma. Kitambaa juu, ngwamu! Kutazama, gari liko nusu ya njia.

"Simama! Unaniibia!"

"Nimekuibia nyanya za nani?" akauliza Pimbi kutoka juu.

"Ng'oa magurudumu hayo!"

"Sheria yako haitaji ukubwa wa magurudumu. Ibadili, halafu ufunge mizigo."

"Ahame! Ahame!" wakashangilia waliokuwa kwenye foleni.

Kiboko akavimba. Akaenda mbele ya gari, akajitupa katikati ya njia, puu! "Basi, pita juu yangu kama unaweza!"

Pimbi akapita. Gurudumu hili kulia kwake, hili kushoto kwake, tumbo la pikapu likaelea juu ya mgongo wa Kiboko bila kumgusa hata unywele. Na Kiboko akiwa kifudifudi kule chini, kitambaa kilizunguka mara ngapi? Hakukiona. Na asiyehesabu hali.

Vikapu hamsini na vinane vilifika sokoni. Waliobaki kwenye foleni waligeuza magari yote pamoja, wakaenda kwa Nungunungu.

Funzo lake ni hili: mwenye nguvu mpishe, sheria usiihoji, na gari lako liache lilivyotoka kiwandani. Hivyo ndivyo Kiboko anavyowafundisha wanawe mpaka leo, pua tu zikiwa nje ya maji.

Pimbi hakuja kulisikiliza. Yuko juu ya jiwe lake, hana mkia, na watoto saba wanakula mchuzi.

Hadithi yangu imevuka; aliyelala njiani ajiokote.